Ukuta unaozunguka moto: tuupambe na nini?

Leo ukurasa wetu hautazungumza juu ya kofia ya kazi wala juu ya mavumbi ya mgodi. Tunaingia sebuleni. Tunasimama mbele ya shemine, ni kusema lile jiko lililojengwa ndani ya ukuta, lenye bomba la moshi linalopanda mpaka juu ya paa. Tutaangalia ukuta unaolizunguka, na tutauliza neno moja tu: ukuta ule unapashwa kuvikwa nini?

Wengine watasema: «Munganga, sisi hatuna shemine, tuna mbabula tu.» Ninawaomba wasome vilevile. Ukuta wa jikoni, mahali mama anapoweka mbabula yake kila siku, unapata joto sawa na ule wa shemine, na makosa yanayofanyika ni yale yale.

Kwa nini shemine zimeamka

Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita metre 1400. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, joto linaweza kushuka chini ya digrii 10. Ndugu zetu wanaotoka Kinshasa wakifika hapa wakati huo wanauliza kama wangali katika inchi ile ile. Wabelgiji waliojenga nyumba nyingi za zamani walikuwa wanajua baridi hiyo, na hivi nyumba za wakubwa wa kazi zilipewa shemine. Nyuma umeme ukaingia kila chumba, na shemine zikasahauliwa. Katika nyumba moja niliyotembelea nilikuta imekuwa kabati la viatu. Katika nyumba nyingine kuku alikuwa ameketi humo juu ya mayai yake, na hakuna mtu aliyethubutu kumfukuza.

Sasa umeme unakatika mara nyingi, na baridi haingoji. Basi watu wamezirudilia shemine zao. Na kwa kuwa ukuta wa zamani ni mchafu kwa moshi, kila mtu anataka kuupamba mbele ya kuwasha moto. Sokoni vitu havikosi: karatasi zenye gundi nyuma na picha ya matofali mekundu, vibao vya plastiki vinavyong'aa sawa na marumaru, vipande vya povu vilivyochongwa kama mawe. Bei si kubwa, na kazi ya kuvibandika inamalizika kwa siku moja. Hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani, tena inaingia ikiwa imependeza.

Kosa langu mimi mwenyewe

Sitaki mtu afikiri kwamba ninafundisha toka juu. Miaka michache iliyopita tulipewa nyumba yenye shemine. Bibi yangu alitaka saloni iwe nzuri, na mimi nilitaka afurahi. Tukanunua ile karatasi yenye picha ya matofali, tukaibandika mpaka kwenye ukingo wa mdomo wa shemine. Juu kidogo ya mdomo nilipigilia ubao, na juu ya ubao nilitundika plaki ya shaba iliyofuliwa kwa nyundo, yenye picha ya mama anayetwanga. Wenzangu wa kazi walitupa plaki hiyo siku ya ndoa yetu.

Wiki ya kwanza bibi yangu aliniambia: «Baba ya watoto, ukuta unanuka.» Nikajibu kwamba ni gundi mpya, itakwisha. Wiki ya pili kingo za karatasi zilianza kujikunja na kugeuka rangi ya kahawia. Nikazikata kwa mkasi. Kiangazi kikapita, tukaacha kuwasha. Mwaka uliofuata tuliwasha tena karibu kila jioni.

Siku moja ya juma bibi yangu alitaka plaki isuguliwe kwa ndimu na majivu, ing'ae kwa ajili ya wageni. Nikaishusha. Ubao wa nyuma ulikuwa mweusi katikati, mkubwa kama sahani. Nilipoubonyeza, kidole kikaingia. Haukuwa ubao tena, ulikuwa makala. Na wakati huo wote hatukuona ulimi wa moto wala moshi, na watoto wetu walikuwa wanalala chumba cha pili.

Mimi ninayefunga vidonda vya moto kila mwezi katika dispanseri, sikujua kilichokuwa nyuma ya plaki yangu mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kuwauliza mafundi, nikasoma, na leo ninawaletea niliyoyapata.

Joto linapita namna gani

Sisi watu wa mgodi tunajua tabia ya shaba. Inachukua umeme upesi, na joto vilevile. Shaba haiyeyuki mpaka digrii 1085, na kwa hiyo mtu anafikiri kwamba plaki ya shaba inakinga ukuta. Si kweli. Plaki iliyogusa ubao inapokea joto mbele na kulitoa nyuma. Yenyewe haiungui, lakini inaunguza kile kilicho nyuma yake.

Ubao nao una siri yake. Ukiupasha upesi, unashika moto ukifika kati ya digrii 250 na 300 hivi. Lakini ukiupasha polepole, jioni kwa jioni, miezi na miaka, unakauka, unageuka rangi, na unaanza kuwa makala kwa joto lililo chini sana ya hilo, hata karibu na joto la maji yanayochemka. Na ukiisha kugeuka hivyo, unashika moto upesi kuliko ubao mpya. Wachoma makala wa porini wanaijua kazi hiyo vizuri: wanafunika miti kwa udongo, wanaacha hewa kidogo, na mti unageuka bila kutoa ulimi wa moto. Nyuma ya plaki yangu kulikuwa tanuru ndogo ya makala, na ni mimi niliyeijenga.

Joto linaufikia ukuta kwa njia tatu. Moto wenyewe unautazama ukuta, sawa na jua linavyotuchoma usoni. Joto linapita pia ndani ya matofali na kutokea upande wa pili. Tena hewa ya moto inatoka mdomoni na kupanda juu. Kwa sababu hiyo ya tatu, mahali pabaya kuliko pote ni pale juu ya mdomo, na ni pale pale kila mtu anapotaka kutundika kitu: plaki, picha ya ndoa, kalenda ya kampuni, maua ya plastiki.

Nini kikae mbali, na mbali kiasi gani

Kanuni za usalama zinazotumika Marekani zinasema hivi juu ya shemine ya matofali. Kitu chochote kinachoweza kuungua hakiwekwi chini ya sentimetre 15 toka ukingo wa mdomo. Kati ya sentimetre 15 na 30, kitu hicho hakiruhusiwi kutokeza mbele sana: kwa kila sentimetre 8 za umbali, kinaweza kutokeza sentimetre 1 tu. Ni kusema, etajere ya mbao yenye upana wa sentimetre 20, ile tunayopenda kuweka juu ya shemine kwa ajili ya redio na picha, inapashwa kupita sentimetre 30 juu ya mdomo.

Chini nako kuna kipimo. Mbele ya mdomo, sakafu isiyoungua (simenti, matofali, kaloo) iendelee angalau sentimetre 40, na sentimetre 20 kila upande. Kama mdomo ni mkubwa, mbele iwe sentimetre 50 na kando 30. Kaa moja linaloruka linatua hapo, si juu ya mkeka au zulia.

Mtu asiye na metre ya fundi ana mkono wake. Washa moto wa kawaida, ungoja saa mbili nzima, kisha bandika kiganja juu ya ukuta na uhesabu polepole mpaka tano. Kama huwezi kuvumilia mpaka tano, pale si mahali pa mbao, karatasi, kitambaa wala plastiki, hata kama kipimo cha metre kinasema ni mbali. Piga alama kwa chaki mahali mkono unapoanza kuvumilia, kisha ongeza upana wa kiganja kimoja. Ndani ya alama hiyo kiingie kile kisichoungua tu. Nimeifanya kazi hiyo katika nyumba yetu: juu ya mdomo, alama yangu ilipita kimo cha kifua changu.

Vitu vya kukataa

Vipande vya povu ni vya kwanza. Povu nyeupe la kawaida linalegea kwenye joto la digrii 100 hivi. Likishika moto linatoa moshi mweusi mzito, na linadondosha matone yanayowaka. Nimewahi kumfunga bendeji mtoto aliyepatwa na tone kama hilo mkononi. Linashikamana na ngozi, na ukitaka kuliondoa unaondoa ngozi pamoja nalo.

Vibao vya plastiki vinafuata. Hapa niwaambie juu ya hila moja ya sokoni, ambayo mwuzaji pengine anaifanya kwa moyo safi. Anachukua briketi ya sigareti, anaiweka chini ya kibao, kibao kinageuka cheusi kidogo, anaondoa briketi, na moto unazimika. «Umeona? Hakiungui!» Kweli, plastiki nyingi ya namna hiyo haiendelei kuwaka peke yake. Lakini inaanza kulegea ikifika karibu digrii 80, na ukuta ulio juu ya mdomo wa shemine unaweza kupita hapo kila jioni. Tena, moto wa nyumba ukitokea, kibao hicho kinatoa moshi wenye asidi inayochoma koo na mapafu. Kitu kinachozimika mbele ya briketi ya dakika moja bado hakijaonyesha kitakavyokuwa mbele ya moto wa saa tatu. Hata karatasi iliyoandikwa kwamba haishiki moto upesi, maana yake ni hiyo tu: haishiki upesi.

Karatasi za kubandika, vikwembe, makuti, mikeka ya raffia, mbao za vernisi, yote haya ni mazuri kwenye ukuta mwingine. Rangi ya mafuta nayo karibu na mdomo inavimba, inapasuka na kunuka. Na plasta nyeupe ya jipsi, ile ya kufinyanga maua na kona za dari, haiungui, lakini joto la kila siku linatoa maji yaliyofungwa ndani yake. Inakuwa unga na kuanguka. Isiwekwe pembeni ya mdomo.

Vitu vizuri, tena vingi vinatoka kwetu

Tofali la kuchomwa ndilo mfalme. Udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga unatoa matofali magumu, na tofali lililokwisha kulala ndani ya tanuru haliogopi moto wa sebuleni. Katika nyumba nyingi za zamani matofali mazuri yangali pale, yamefunikwa tu na rangi na moshi. Mtu anatumia pesa kununua picha ya matofali ili afunike matofali ya kweli! Mimi nilikuwa mtu huyo.

Mtu anayependa weupe atumie chokaa. Mawe ya chokaa tunayo, mtaa wa Kakontwe huko Likasi unajulikana kwa hayo. Chokaa iliyozimwa vizuri na kuchanganywa na maji mengi, ukaipaka mara tatu nyembamba, inashika juu ya tofali au simenti na haiungui hata kidogo. Mtu anayetaka rangi aongeze udongo mwekundu au wa manjano uliochujwa kwa kitambaa, au atumie pemba nyeupe, sawa na mama zetu wa kijijini wanavyopamba kuta za nyumba mwisho wa kiangazi. Rangi za udongo hazinuki, hazivimbi, na ukichoka nazo unapaka nyingine juu yake. Linda macho tu wakati wa kuchanganya chokaa, na vaa glavu: ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi dakika nyingi, kisha njoo dispanseri bila kukawia.

Kaloo za udongo wa kuchomwa ni nzuri pia, lakini angalia kinachozishika. Gundi ya plastiki inayouzwa ndani ya kopo inalegea kwa joto, na kaloo zinaanguka moja moja. Tumia simenti na mchanga, au gundi ya unga wa simenti ambayo imeandikwa kwamba inavumilia joto. Ukimaliza, hapana kuwasha moto kesho yake. Ngoja wiki nne simenti ikauke na kukomaa, kisha anza na moto mdogo siku tatu au ine.

Na shaba yetu? Hatuiachi. Plaki ya shaba inaweza kukaa juu ya shemine kama nyuma yake ni tofali au simenti tupu, bila ubao, na kama umeishika kwa vyuma vifupi vinavyoiacha mbali na ukuta sentimetre mbili au tatu ili hewa ipite.

Mawe ya kuokota

Hapa ninataka kusimama kidogo, maana sisi ni watu wa mawe. Mfanyakazi anarudi nyumbani na jiwe zuri mfukoni, la kijani, la buluu, la manjano. Anasema: «Nitalipachika kwenye shemine, watoto wajue baba yao anachimba nini.»

Malakiti ni jiwe la fahari, na ikiwa imesuguliwa na fundi na kuwekwa mbali na moto, haina shida. Lakini ikipashwa sana inageuka nyeusi na kupasuka. Tena kuikata nyumbani kunatoa mavumbi ya shaba ambayo ni sumu kwa kifua na tumbo, na watoto wanayavuta pamoja nawe.

Jambo kubwa zaidi ni mawe ambayo hujui jina lake. Udongo wa Katanga haukuficha shaba na kobalti peke yake. Huko Shinkolobwe, karibu na Likasi, iranyumu iligunduliwa mwaka 1915, na sehemu kubwa ya iranyumu ya bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka pale. Mawe yake mengine yana rangi za kupendeza sana, manjano ya ndimu, machungwa, kijani. Pahali pengine iranyumu inapatikana kidogo kidogo ndani ya mawe ya kobalti pia. Jiwe kama hilo ndani ya ukuta wa saloni linatoa miali usiku na mchana, na linatoa gesi inayoitwa radoni, ambayo inaleta kansa ya mapafu kwa anayeivuta miaka mingi. Haliumi na halinuki. Kwa hiyo jiwe la mgodi libaki mgodini. Hata udongo wa rangi wa kuchanganya na chokaa, uuchukue mtoni au kijijini mahali panapojulikana, si kwenye lundo la takataka za mgodi.

Na mawe laini ya mtoni? Yanapendeza, lakini yale yanayokunywa maji yanaweza kupasuka kwa kishindo yakipashwa kabla ya kukauka. Yakae kando ya mdomo, yasikae ndani.

Ukikuta rangi ya zamani au kibao cha kijivu

Kabla ya kupamba, watu wanakwangua. Ngoja kwanza. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi ndani yake. Hata kama mkataba wa kazi wa dunia nzima ulianza kukataza rangi nyeupe ya risasi ndani ya nyumba tangu mwaka 1921, aina nyingine za rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa miaka mingi. Ukikwangua kikavu, au ukiichoma kwa lampi ya fundi, risasi inageuka mavumbi na moshi. Mtoto anayetambaa anaipeleka kinywani kwa vidole vyake. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto: kinapunguza akili yake, na akili hiyo hairudi. Kama rangi imeshikamana vizuri, iache. Kama inabanduka, ilowanishe kwa maji, kwangua ikiwa mbichi, kusanya mabaki yote ndani ya mfuko, pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Watoto na mama mwenye mimba wakae kwa jirani mpaka kazi iishe.

Vibao vya kijivu vya simenti nyuma ya jiko ni jambo lingine. Zamani vibao vyenye amianti vilipendwa mahali pa moto kwa sababu haviungui. Lakini nyuzi zake, zikivutwa, zinaleta magonjwa ya mapafu na kansa inayotokea hata baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwa macho huwezi kuzitambua. Kibao kizima kisichovunjika, hapana kukikata, kukitoboa wala kukisugua. Kiambie kitengo cha manyumba, waje wakione.

Mdomo usifungwe

Ninamaliza na jambo ambalo si la ukuta, lakini limezaliwa na ukuta.

Katika kiangazi kimoja alikuja dispanseri mama pamoja na watoto wawili, asubuhi na mapema. Kichwa kinauma, wanatapika, miguu haina nguvu. Mama alisema: «Ni malaria, munganga.» Tulipima damu, malaria haikuwamo. Mtoto mdogo alikuwa analegea zaidi, na tulikuwa tunamwita haitiki vizuri. Baba aliyewasindikiza alikuwa mzima kabisa, na hapo nikashituka. Nikamwuliza: «Wewe ulilala wapi?» Akajibu: «Nilikuwa kazi ya usiku.»

Nyumbani kwao walikuwa wamepamba shemine. Popo walikuwa wanashuka kwa bomba, basi fundi aliwatengenezea kibao kizuri chenye maua, akafunga mdomo wote. Na usiku, kwa kuwa pale ndipo mahali pa moto, mama aliweka mbabula ya makala mbele ya kibao kile, akafunga madirisha, wakalala pamoja hapo. Makala yakiungua bila hewa ya kutosha yanatoa gesi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa hewa njema. Mtoto mdogo tulimkimbiza hospitali akapewa oksijeni, na siku ya tatu alirudi nyumbani anatembea.

Kwa hiyo shemine ni moja kati ya mambo mawili. Ama ni ya moto: basi mdomo uwe wazi, bomba lisafishwe, viota vya ndege na vya nyigu viondolewe kabla ya baridi kuanza. Kabla ya moto wa kwanza choma kipande cha gazeti ndani na uangalie kama moshi unapanda. Ukirudi chumbani, zima. Kuzuia popo, weka wavu wa chuma juu ya bomba, paani. Ama shemine ni ya kupendeza tu: basi ifungwe, na mbabula isilale ndani ya chumba hicho wala chumba kingine. Na watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kinachouma na matapishi, fungua milango, watoe nje kwanza, ndipo mtafute gari la kuwaleta kwetu. Mwambie munganga kwamba kulikuwa makala ndani. Usipomwambia, atatafuta malaria.

Kwa kidonda cha moto: maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, hata kama mtoto analia. Hapana dawa ya meno, mayai, wala mafuta ya mawese.

Sasa ukuta wetu nyumbani hauna karatasi. Nililowanisha gundi siku mbili, nikasugua, na matofali ya chini yakatokea, mekundu, yameandikwa vidole vya fundi aliyeyafinyanga. Bibi yangu alichagua chokaa nyeupe kando na matofali tupu kuzunguka mdomo. Plaki ya mama anayetwanga iko upande wa pili wa saloni, juu ya meza ya kulia. Wewe uliye na plaki, saa ya ukuta au kalenda juu ya shemine yako, leo jioni, kabla ya kuwasha, ishushe na uangalie nyuma yake.